Mwenye Mashine na Mahindi ya Manjano

Alizungumza kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, hata ukiwa umesimama mbele yake. Injini ya kinu chake cha kusaga ilikuwa imemla masikio. Ukimwamkia, alijibu kwa sauti iliyowarusha kuku, na mgeni alidhani amemkosea. Sisi wa mtaa wa Skuta tulimzoea. Tulimwita Mwenye Mashine, na sidhani kama nusu ya waliosagiwa mahindi naye walilijua jina lake la ubatizo. Mimi nililijua, kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa na majina ya ubatizo yalikuwa kazi yangu, lakini hata mimi sikuwahi kulitumia.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kwenye kona ya barabara inayopanda kutoka mjini Nyeri. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umeketi juu ya mapaa, ulisikia injini kabla hujakiona kibanda chenyewe. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Wengine wetu tulikuwa na vipande vyetu vya kahawa au chai huko Tetu. Yeye alikuwa na ile injini ya dizeli, mkanda mmoja mrefu, na kinu kilichomeza mahindi juu na kutema unga chini ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa. Watoto wake walisoma kwa mashine hiyo na mke wake alivaa kwa mashine hiyo. Mashine ikinyamaza, nyumba yote ilinyamaza.

Unga haukumtoka. Jumapili alikuja kanisani amevaa koti safi na nyuma ya masikio yake bado pana mstari mweupe, mahali ambapo kitambaa hakikufika. Aliketi benchi la mwisho na alitoka kabla ya matangazo. Siku moja nilimngoja mlangoni nikamwuliza kwa nini hakai mpaka mwisho.

"Mungu ameshaongea na nimesikia," akanijibu, na nadhani walimsikia hadi madhabahuni. "Matangazo ni yenu nyinyi wa kamati. Hiyo siwezi kusikia, masikio yangu ni mabovu."

Hakuwa mtu wa huruma ya kuonekana, na naliandika hili mapema ili asije msomaji akamfanya mtakatifu. Mjane akija na mkebe wa mahindi na hana cha kulipa, alimwelekeza kwenye mtungi akateke maji ya kupoza injini. Maji yakifika ndipo mahindi yake yalipoingia kwenye kinu. Nilipomlaumu kwa hilo alinipa neno ambalo nililisikia kwake mara nyingi kuliko neno lingine lolote: "Mimi sisaidii mtu, mzee. Mimi nasaga."

Lakini alikuwa na sheria moja, na hiyo aliishika kama wengine wanavyoshika Sabato. Ilikuwa sheria ya laini. Ulipofika uliweka chombo chako nyuma ya cha mwisho, debe, beseni, gorogoro au kiondo, kisha ulikuwa huru kwenda sokoni. Vyombo vilijipanga vyenyewe ukutani kama waumini. Kila aliyebaki alisukuma mbele cha jirani yake kama alivyosukuma chake, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chombo cha mwingine ila kwa kukisogeza mbele. "Debe lako ni wewe," alisema. Nimeona debe la mke wa chifu likingoja nyuma ya mkebe wa msichana wa shule, na mke wa chifu akinuna hadi Jumapili iliyofuata. Mtu mmoja mlevi aliwahi kupiga teke beseni la mwenzake. Hakusagiwa tena mpaka mavuno yaliyofuata.

Hali hiyo ilidumu mpaka walipokuja wakimbizi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Katika zile ghasia za kikabila walichomewa nyumba na kufukuzwa kwenye mashamba yao katika Bonde la Ufa, wakaja kwetu juu ya malori, wengine na magodoro, wengine na nguo walizovaa. Walikuwa watu wetu. Walisema Kikuyu chetu, waliimba nyimbo zetu za kanisani, na wengi walikuwa na jamaa huko Tetu. Lakini mashamba ya jamaa yalikuwa yamekwisha kugawanywa hadi kaka na kaka wanavutana juu ya mstari wa migomba, kwa hiyo walilala kwa jamaa siku chache wakateremka mjini. Tuliwafungulia ukumbi wa kanisa. Ukumbi ukajaa, wakaanza kukodi vyumba Skuta.

Nashukuru Mungu kwamba tuliwapokea. Lakini sisemi kwamba ilikuwa rahisi, na aliyesema hivyo hakuwa na kodi ya kulipa. Wenye nyumba walifurahi. Chumba cha mbao kilichokaa kitupu mwaka mzima sasa kiligombaniwa na familia tatu, na mpangaji wa zamani aliambiwa aongeze au aondoke. Mhindi wa duka la vyombo pale mjini alimwambia mke wangu kwamba hajawahi kuuza sufuria nyingi namna ile, maana aliyechomewa nyumba hununua upya hata kijiko. Waliokuwa wakichimba viazi Molo, huko Bonde la Ufa, walijua viazi vinatoka wapi na kwa bei gani, wakaanza kuvileta kwa magunia, na mama zetu wa sokoni wakaona bei ikiteremka mbele ya macho yao. Aliyeumia kuliko wote ni mtu wa kibarua. Mkimbizi alikubali kubeba mawe kutwa kwa nusu ya malipo, kwa sababu nusu ilikuwa nyingi kuliko hakuna.

Kisha yakaja mahindi ya msaada, na yalikuwa ya manjano.

Mtu asiye wa kwetu huenda asielewe. Katika ile njaa ya miaka ya themanini tulikula mahindi ya namna hiyo, tukajiapiza kwamba hatutayala tena. Tulisema yananuka na ni chakula cha farasi wa watu wengine. Kuonekana na unga wa manjano ilikuwa kuonekana umeshindwa. Na kinu cha mashine hakiwezi kujisafisha chenyewe. Mahindi ya manjano yakipita, unga kidogo hubaki kwenye pembe na kwenye kitambaa, na mwenye mahindi meupe anayefuata huenda nyumbani na unga wenye rangi ya jino la mzee.

Kamati ya kanisa ilinituma kwake. Tulimtaka awasagie wakimbizi bure, siku yao ya pekee, tuseme Jumanne, ili pasiwe na manung'uniko.

"Bure?" alisema. Alizima injini ili anisikie vizuri, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu. "Mzee, ukimsagia mtu bure, siku ukimpa unga ya mwisho, ile ya kufagia, atasema nini?"

"Atashukuru."

"Eeh. Atashukuru na atanyamaza. Mimi sitaki mtu wa kunyamaza kwa mashine yangu. Wacha walipe kama nyinyi, na wapige kelele kama nyinyi. Na wasimame kwa laini kama nyinyi. Hakuna Jumanne."

Nilirudi kwa kamati bila jibu jema. Niliudhika, sikatai, nikamwombea jioni ile kwa maneno ambayo hayakuwa matamu sana. Wanawake wa ukumbini wakalipa, na wasio na kitu wakateka maji kama yule mjane.

Manung'uniko yalikuja, tena kwa wingi. Watu walimtaka aoshe mashine kila baada ya mkimbizi, yaani arushe makonzi mawili ya mahindi yapite bure na kubeba mabaki. Swali likawa ni mahindi ya nani. Wenyeji walisema ya wakimbizi, kwani wao ndio walioleta rangi. Mwenye Mashine alikunja mikono akatangaza kwa ile sauti yake: "Aliyeona uchafu ndiye aoshe!" Basi kila mwenyeji aliyetaka weupe alitoa makonzi yake mwenyewe, kwa hasira, na unga ule wa kuoshea ulianguka kwenye gunia la pembeni. Baada ya muda tukagundua kwamba gunia hilo lilikuwa likienda nyumbani kwake, na kwamba alikuwa na nguruwe wawili walionona kwa kiburi chetu. Nilipomwuliza kama hilo ni haki alicheka hadi akashika ukuta. "Mzee, hao nguruwe hawana ubaguzi. Wanakula yelo, wanakula nyeupe." Ndivyo alivyokuwa. Alisimama mahali pa haki na bado akapata faida yake hapo hapo.

Aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo ni Baba Wangeci, fundi wa mawe, jirani yangu. Alikuwa mtu wa kazi na mwenye kuheshimu watu. Lakini tangu wakimbizi waje alikuwa ameachishwa kazi kwenye majengo mawili, na mwenye nyumba alikuwa amemwongezea kodi ya chumba. Hasira yake haikuwa na mlango mwingine wa kutokea, ikatokea kwenye mashine.

Ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikuwapo, kwa kuwa nilikuwa nimeleta mahindi kutoka shambani na debe langu lilikuwa katikati ya laini. Baba Wangeci alifika na wanaume wengine, wasio na kazi kama yeye. Hawakusalimu. Walianza kutoa vyombo vya wakimbizi kwenye laini, kimoja kimoja, wakavirusha nyuma kabisa, karibu na mtaro. Beseni moja lilipinduka na mahindi ya manjano yakamwagika kwenye matope.

Beseni hilo lilikuwa la Mama Kimani, mwanamke mrefu aliyekuwa na shamba kubwa huko Molo kabla ya moto. Alipiga magoti akaanza kuokota, kisha akasimama.

"Wewe, Baba nani sijui," akasema, "huko kwangu nilikuwa nalisha kuku na mahindi nyeupe kuliko hii yako."

Wengine wakacheka. Kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Basi rudi kwa kuku zako!" Baba Wangeci akamjibu. "Ati mmekuja kulala kwa nyumba zetu, mmechukua kazi, sasa hata unga yetu mnatia rangi! Mkae nyuma. Wenyeji kwanza, wakimbizi nyuma, ama leo hakuna kusaga."

Ghafla injini ikazimika. Mwenye Mashine alitoka akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Alirudi ndani, tukamsikia akihangaika, akatoka na ule mkanda mrefu ameuvaa begani kama nyoka aliyekufa. Akaketi juu ya jiwe mlangoni.

"Laini ikirudi vile ilikuwa," akasema, "mkanda utarudi."

"Unafanya nini wewe?" Baba Wangeci alimsogelea. "Unafungia watu wako kwa sababu ya hawa?"

"Sifungii mtu. Debe ya mtu imeguswa."

"Sisi ndio tumekulisha miaka yote hii! Hawa wataenda kesho. Funga basi! Tutaleta mashine ingine hapo ng'ambo, na tuone utasaga nini. Utasaga mawe."

Hilo halikuwa tishio la bure na kila mtu alilijua. Nilimwona Mwenye Mashine akitazama ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja kitupu. Hakuinuka.

Baba Wangeci akanigeukia. "Mzee, wewe ni mtu wa kanisa. Ambia huyu rafiki yako ukweli."

"Rudisha vyombo, Baba Wangeci, halafu tuongee."

"Tuongee nini? Wewe hujawahi kubeba mawe."

Ni kweli, sijawahi. Maandiko yanatuagiza juu ya mgeni na yanatuagiza pia juu ya ujira wa kibarua, na siku ile yote mawili yalikuwa yamesimama mbele yangu yakitazamana.

Tukakaa hivyo. Jiwe moja lilitupwa na kugonga mabati juu ya kichwa chake, akalitazama lilipoanguka, hakuuliza limetoka wapi. Jua likahama. Watoto walianza kuja kutumwa: mama anauliza unga uko wapi. Hakuna nyumba hata moja Skuta iliyokuwa na unga wa akiba. Ndiyo maana tulikuwa hapo. Wanaume walizidi kusogea karibu na jiwe lile alilokalia. Mmoja alikuwa ameshika chuma cha kuzungushia injini na sikupenda jinsi alivyokishika.

Ndipo Mama Wangeci akatoka katikati ya wanawake. Vyombo vya wakimbizi vilipotolewa, debe lake lilikuwa limebaki la mbele kabisa. Ni yeye ambaye angesagiwa kwanza kama mkanda ungerudi. Alipita mbele ya mumewe, akaenda mpaka kwenye mtaro, akainua beseni la Mama Kimani kwa mikono miwili.

"Rudisha hiyo chini," mumewe akasema.

"Baba Wangeci, hii hasira yako nitapika na mboga gani?" alisema. Hakupaza sauti. "Watoto wako watakula jioni ama watakula kesho? Huyu alikuwa mbele yangu. Nilimkuta hapa."

Akaliweka beseni mbele ya debe lake mwenyewe. Wanawake wengine wakaenda kuchukua yaliyobaki. Baba Wangeci alisimama kidogo, macho yamejaa maji ambayo hakuyaacha yaanguke, kisha akateremka barabarani peke yake. Aliyeshika chuma alikiweka chini.

Ungetarajia Mwenye Mashine amshukuru yule mama. Alirudisha mkanda, akamsagia Mama Kimani yale mahindi yaliyookotwa matopeni, kisha akamimina ya Mama Wangeci moja kwa moja. Mama yule hakuwa na makonzi ya kuoshea, naye Mwenye Mashine hakumwoshea. Unga wake ulitoka na rangi. "Hata leo?" nilimpigia kelele sikioni. "Hata leo," akanijibu. "Nikiosha yake, kesho nitaosha ya nani?" Mama Wangeci alijitwika debe lake akaenda. Mpaka sasa sijui kama nilipaswa kumheshimu zaidi Mwenye Mashine kwa hilo au kumkasirikia, na nimekwisha kumwachia Mungu aamue.

Tishio la Baba Wangeci lilitimia bila yeye kuinua mkono. Tajiri mmoja kutoka Kiriaini, aliyekuwa na fedha za mashamba ya chai, alisikia kuna watu Skuta wanaotafuta mahali pa kusagia. Akajenga kwenye kile kiwanja kitupu. Mashine yake ilitumia stima, yaani umeme, na mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: UNGA MWEUPE TU. Watu walivuka barabara. Walivuka kwanza wale waliokuwa na hasira, kisha wasiokuwa na hasira, kisha wazee wenzangu wa kanisa, mmoja mmoja, wakitazama chini. Mimi nilibaki, kwa uvivu kuliko kwa imani: kwake hapakuwa tena na laini ya kungojea.

Wakimbizi walibaki kwake, kwa kuwa ng'ambo hawakukubaliwa. Lakini mahindi ya msaada yalipungua, nayo injini hunywa dizeli ile ile ikisaga debe moja au madebe mia. Nguruwe waliuzwa. Binti yake aliyekuwa shule ya bweni alirudi nyumbani na sanduku lake, akajiunga na shule ya kutwa. Nilimwambia kwamba kanisa linaweza kumsaidia ada. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi sikusaidii, wewe usinisaidie," alisema. "Leta mahindi."

Miaka ikaenda, na Mungu ni mwema. Wakimbizi wengi hawakurudi Bonde la Ufa. Waliacha kuitwa wakimbizi bila mtu kutangaza. Mama Kimani akawa mwuza viazi wa jumla, lori lilimshushia magunia alfajiri, na mama zetu waliomchukia walinunua kwake ili wakauze. Akanunua ploti akajenga vyumba vya mawe, na aliyemjengea ni Baba Wangeci, kwa malipo kamili ya fundi. Mji ulikuwa umenenepa. Palipokuwa na vibanda vitatu palikuwa na maduka, na mahindi ya manjano hayakuonekana tena.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya tisini. Nilikuwa nikipita na fimbo yangu, nikamkuta ameketi nje ya kibanda, injini imenyamaza, mchana kweupe. Ng'ambo ya barabara laini ilikuwa ndefu. Ndani ya laini ile nilimwona Mama Kimani, na nyuma yake wawili watatu niliowakumbuka tangu siku za ukumbi wa kanisa. Yeye pia alikuwa akiwatazama.

Kwa kuwa injini ilikuwa kimya nilizungumza polepole. "Hao ndio uliowakalia jiwe," nilimwambia. "Sasa wanasaga kule kwa huyo aliyekuwa akiwafukuza. Moyo wangu unaniuma kwa niaba yako."

"Kwa nini ikuume?" Kwa mara ya kwanza alinijibu kwa sauti ya chini, kama watu wengine. "Kule ni bei nafuu. Na unga ni laini kuliko yangu. Mtu akiweza kuchagua mashine, huyo si mkimbizi tena. Mimi nilikuwa nauza kusaga, mzee. Sikuwa nauza shukrani."

Nilimwambia hayo ni maneno mazuri na kwamba Mungu ameyasikia. Alipangusa goti lake, ingawa siku ile halikuwa na unga. Laini ya ng'ambo ilisogea. Mama Kimani alisukuma debe lake mbele kwa mguu, akaongea na mwenzake, akacheka. Hakugeuka upande wetu.

"Lakini wangekuwa wanapita tu," akasema, "wanisalimie."

Niliinamia sikio lake nimjibu. Ng'ambo ile mashine ya stima ikawashwa tena, na hatukuweza kusikilizana tena.